Mkamwana wangu analia na mtoto analia, nishike lipi?

SWALI

Asalaam aleikum, mshauri.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Muheza, mkoani Tanga. Wiki tatu hizi nipo Kinyerezi, Dar es Salaam, kwa mwanangu wa pili. Mkewe alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, kilo tatu kamili, nami nikapanda basi kesho yake kuja kulea uzazi. Mkamwana wangu hana mama. Marehemu alimwacha binti akiwa kidato cha pili. Shangazi zake wako Bukoba, na safari ya Bukoba unaijua. Kwa hiyo mama wa kumtazama ni mimi.

Nilikuja na mkaja, pilipili manga na asali. Nilimpikia uji, akanywa siku mbili tatu. Nilitaka kumkanda kwa maji ya moto kama tulivyokandwa sisi, akakataa, akasema hospitali wamemkataza kwa ajili ya kidonda. Nikaacha. Kilichotugombanisha ni maziwa. Mtoto ananyonya kila baada ya saa moja, na jioni hata nusu saa haifiki. Anakunja miguu, analia mpaka uso unabadilika rangi. Nimelea watano, mtoto mwenye njaa namjua. Siku moja mama yake yumo bafuni, mtoto analia, nikampa vijiko viwili vya maji ya glukosi, akatulia. Hivyo ndivyo nilivyowapa wanangu wote, na wote wazima. Mkamwana akatoka akanikuta na kijiko mkononi. Hakusema neno. Alimchukua mwanawe, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu hapo kati yetu ni salamu tu. Dawa ya chango niliyomnunulia mtoto duka la dawa niliikuta kwenye ndoo ya taka.

Lakini lililonifanya niandike si hilo peke yake. Binti huyu analia. Alianza wiki ya kwanza, nikasema ni maumivu ya kidonda na kumkumbuka mama yake. Sasa naona inazidi. Mtoto akilala, yeye halali, namsikia akijigeuza usiku kucha. Chakula anaonja tu. Nywele hajazichana siku nyingi. Ameajiriwa kwenye kampuni, kazi ya uhasibu, na kila siku anahesabu siku za likizo zilizobaki. Juzi alinikabidhi mtoto, akasema taratibu, "Huyu mtoto angepata mama mwingine angekuwa na bahati." Nikamwambia asiseme hivyo, amshukuru Mungu kwa mtoto mzima. Akanyamaza.

Mwanangu ni dereva wa basi la mikoani, siku tatu yupo, siku tatu hayupo. Nimemwambia, akanijibu, "Mama, hayo ni mambo ya uzazi, yatapita." Jirani mmoja ananiambia kwa siri kwamba ni jini la uzazi, nimpeleke kwa mtu. Mwingine anasema ni kudeka, ndivyo walivyo wasichana wa siku hizi.

Mtoto leo ana siku 19. Naomba uniambie: maziwa yanatosha au hayatoshi? Yale maji yamemdhuru mtoto? Kulia huku ni nini? Na je, nirudi Muheza niwaachie nyumba yao?

Bibi wa Muheza

JIBU

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kupata mjukuu.

Kabla ya maziwa na kabla ya maji ya glukosi, tushike ile kauli aliyokwambia juzi. Mzazi anaposema mtoto wake angepata mama mwingine angekuwa na bahati, hakosi shukrani. Anakuambia anavyojiona: kwamba hafai, na kwamba asipokuwepo mambo yatakuwa afadhali. Naiogopa kauli hiyo, nami naomba uichukue kwa uzito uleule ambao ungeuchukua kama angekwambia anavuja damu.

Leo hii, mtoto akiwa amelala, kaa naye chumbani, ninyi wawili tu. Muulize kwa sauti yako ya kawaida: "Mwanangu, kuna wakati unatamani usingekuwepo? Umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Wengi wanaogopa kuuliza hivyo, wakidhani watampa wazo ambalo hakuwa nalo. Haiwi hivyo. Aliye na wazo hilo mara nyingi hupata nafuu anapopata wa kumwambia, na asiye nalo atakujibu hapana, basi. Akikujibu ndiyo, au akababaika, au akanyamaza huku machozi yanamtoka, asiachwe peke yake. Ondoa dawa, sumu ya panya na vitu vyenye makali chumbani na bafuni, muende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Akijibu hapana, bado nataka muende, ila mnaweza kungoja kupambazuke.

Sababu ya kuwahimiza ni hii. Baada ya kondo la nyuma kutoka, homoni zilizokuwa juu miezi tisa hushuka ghafla ndani ya siku chache. Wazazi wengi hulia bila sababu wanayoweza kuieleza, hasa kati ya siku ya tatu na ya tano. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, na tiba yake ni usingizi, chakula na maneno mazuri. Kwa hiyo wiki ya kwanza hukukosea kudhani ni kidonda na kumkumbuka mama. Lakini mjukuu wako ana siku 19, na mama yake anazidi badala ya kupungua. Halali hata pale anapopata nafasi ya kulala, hali chakula, hajijali mwilini, anajiona hafai. Hizo ni dalili za sonona baada ya kujifungua. Simpimi kwa barua, hiyo ni kazi ya daktari atakayemwona, ila nazijua dalili hizi vya kutosha kukwambia usizingoje zipite zenyewe.

Naye hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, na kubwa kati ya hayo ni sonona. Kwa mkamwana wako, sababu za kumsukuma huko ni nyingi: amepasuliwa, pengine amepoteza damu, hajalala, mume yuko barabarani, likizo inakwisha. Na juu ya yote amekuwa mama bila kuwa na mama. Msiba wa zamani huamka siku ya kujifungua. Binti wa kidato cha pili aliyezika mama yake leo anatafuta wa kumuuliza, "Mimi nilikuwa nalia hivi?" na hampati.

Neno kudeka, Mwalimu, naomba lisiingie tena katika nyumba hiyo. Mtu anayedeka anataka umtazame, na huyu anajificha.

Kuhusu jini, najua Tanga na pwani yote tumekulia katika maneno hayo, na sitaki kugombana na imani ya mtu. Dua isomwe, na kama ana imani yake aombewe kwa namna yake. Lakini asipelekwe kwa mtu kabla ya hospitali, asifukizwe akiwa na kidonda na kichanga chumbani, na kwa vyovyote asifungwe wala kupigwa. Upo ugonjwa ambao wazee waliuita jini. Huwapata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, ingawa unaweza kuchelewa. Mzazi husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hushuku kwamba mtoto si wake. Anaweza kukaa macho usiku baada ya usiku bila kuchoka, akaongea mambo yasiyoungana. Hujaniandikia lolote la namna hiyo. Ukiliona, ni dharura ya saa hiyohiyo, na unatibika.

Namna ya kumpeleka nayo ina adabu yake. Usimwambie, "Twende kwa daktari wa akili." Mwambie, "Twende kliniki, mtoto apimwe uzito nawe uangaliwe kidonda, nami nitakusindikiza." Ni kweli tupu, maana mzazi anatakiwa kuonwa tena na tena katika siku 42 za baada ya kujifungua, na wengi huenda wakati wa chanjo tu. Mkifika, muombe muuguzi chumba cha faragha, kisha umwache mkamwana wako aongee naye peke yake. Wewe kabla ya kutoka mtajie muuguzi mambo matatu bila kuzunguka: halali usingizi, hali chakula, na ile kauli ya juzi. Anaweza kuulizwa maswali 10 kuhusu alivyojisikia siku 7 zilizopita. Ni dodoso linalojulikana kwa jina la Edinburgh, linatumika tangu 1987. Waombe pia wampime wingi wa damu na presha, kwa sababu upungufu wa damu baada ya upasuaji unaweza kumlegeza mtu akaonekana mvivu au mwenye kununa. Kutoka Kinyerezi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo jirani nanyi ni Amana, na hospitali za namna hiyo, pamoja na Temeke na Mwananyamala, zina watu wa afya ya akili. Tiba mara nyingi huanza na mazungumzo ya ushauri. Zikihitajika dawa, zipo ambazo mama huzitumia huku ananyonyesha, na daktari ndiye wa kuchagua. Asiache kunyonyesha kwa kuogopa dawa, na asiogope dawa kwa sababu ananyonyesha.

Sasa maziwa.

Umesema unamjua mtoto mwenye njaa, nami sibishani na mtu aliyelea watano. Ila kilio peke yake hakitoshi kutuambia. Kichanga kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, ni kawaida yake. Wiki ya tatu ndipo wengi hukua kwa kasi na kutaka titi kila wakati, hasa jioni, na kilio cha jioni huongezeka mpaka karibu wiki ya sita kabla ya kupungua. Anakunja miguu, anageuka rangi, halafu anatulia mwenyewe. Mama aliyechoka akiona hivyo na kila mtu ndani ya nyumba anasema hana maziwa, anaamini hana.

Ukitaka kujua kama yanatosha, tazama nepi. Mtoto wa umri huo anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali. Halafu tazama mzani. Karibu watoto wote hupungua uzito siku za mwanzo, na wengi huwa wameurudia uzito wa kuzaliwa wakifika siku ya 14. Baada ya hapo huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku. Huyu alizaliwa na kilo tatu, kwa hiyo leo natarajia mzani usome kilo 3.1 au kupita. Akiwa hapo, maziwa yapo, na ugomvi uishe. Akiwa chini ya kilo tatu, muuguzi amtazame akinyonya mwanzo hadi mwisho, maana mara nyingi tatizo huwa ni namna anavyoshika titi.

Kushika vizuri ni hivi: mdomo umefunguka wazi, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na sehemu kubwa ya weusi wa titi imo mdomoni, si ncha ya chuchu. Chuchu inayochanika ni dalili kwamba anashika vibaya. Kwa aliyepasuliwa, kumlaza mtoto juu ya tumbo huumiza kidonda, na mama mwenye maumivu humtoa mtoto mapema. Mwambie ajaribu kulala ubavu, mtoto amelazwa mbele yake, tumbo kwa tumbo. Au amshike chini ya kwapa, miguu ya mtoto ikielekea mgongoni kwa mama, na mto chini ya mkono. Hapo ndipo mikono yako inapohitajika, kumwekea mto na kumsogezea mtoto.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya na titi likapungua, mwili hupokea amri ya kutengeneza mengine, na homoni ya kazi hiyo hupanda zaidi usiku. Mtoto aliyejazwa maji huliacha titi likiwa limejaa, amri haiendi, na siku chache baadaye maziwa yanapungua kweli. Ndiyo maana mkamwana wako alikasirika vile: alifundishwa jambo hilo wodini, na akaliona linavunjwa akiwa bafuni. Joto la Dar es Salaam lisikutishe. Maziwa ya mama karibu sehemu 87 kati ya 100 ni maji, na mtoto hahitaji maji mengine mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi.

Vile vijiko viwili, kama mtoto hakuharisha wala kutapika na ananyonya vizuri, havijamdhuru. Lala usingizi. Visirudiwe, na ile dawa ya chango isinunuliwe tena. Kichanga hana haja ya sukari wala ya dawa ya kumfanya anyamaze. Ukimwona anajinyonganyonga baada ya kunyonya, mweke begani umcheulishe, umbembeleze ukitembea naye.

Unasema watano wako walikunywa na wote wazima. Nakuamini, na Mungu awatunze. Ila wewe ni mwalimu, unajua madarasa yale yalikuwa na viti ambavyo havikupata wa kuvikalia. Utafiti wa kitaifa wa 2004-05 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua na hospitali zimefanya kazi kubwa hapo, na kunyonyesha bila kuchanganya ni mojawapo ya mambo yanayowalinda watoto wadogo dhidi ya kuharisha na vichomi. Ulichofanya kwa wanao ndicho kilichojulikana na wengi wakati ule. Sasa tunajua zaidi.

Nije kwenye kazi yako, kwa sababu naona humo ndani mmegawana vibaya. Ninyi nyote mnamshughulikia mtoto, na mzazi hana wa kumshughulikia. Mtoto ana mama, na mama ndiye anayekuhitaji wewe. Titi liwe lake peke yake, mengine yote yawe ya watu wengine: kupika, kufua, kuosha vyombo, kubadilisha nepi, kupokea wageni. Asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka wiki ya sita.

Cha kwanza ni usingizi, ambao nautanguliza hata mbele ya uji. Mtu mwenye dalili hizi akipata saa nne au tano mfululizo, huamka akiwa mtu mwingine kidogo. Pangeni hivi: anyonyeshe saa mbili au tatu usiku, kisha wewe umchukue mtoto chumbani kwako. Mtoto akiamka katikati, umpe maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa kwa mkono mchana, kwenye kikombe kilichooshwa vizuri na kuchemshwa. Katika joto la Dar yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Usitumie chupa ya chuchu. Mkalishe mtoto mapajani kwako karibu wima, gusisha ukingo wa kikombe kidogo kwenye mdomo wake wa chini, umwache alambe mwenyewe, usimmiminie. Vichanga wanajua. Na kama titi likimuuma kwa kujaa, akamue kidogo kabla ya kulala tena.

Chakula, hapo wewe ndiye mtaalamu. Uji wa pilipili manga ni mzuri, supu ni nzuri, samaki, maharage, mchicha, machungwa ya kwenu Muheza. Umuulize pia kwao Bukoba mzazi hulishwa nini. Mpikie ndizi na kunde hata kama hujazizoea, maana ladha ya nyumbani kwa mama yake ni dawa ambayo duka halina. Asilazimishwe sahani kubwa. Vidogo mara nyingi, na bilauri ya maji kila anaponyonyesha. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aendelee navyo.

Kukanda tumbo kwa maji ya moto kwa aliyepasuliwa kusifanyike kabisa, na ulifanya vizuri kuacha. Mkaja usibane kidonda. Kidonda kikae kikavu na safi. Atembee taratibu ndani ya nyumba kila siku, asilale kitandani arobaini nzima, kwa sababu damu huweza kuganda miguuni.

Wageni wa hongera ni baraka, lakini mlango ni wako. "Mzazi amelala, njooni wiki ijayo," na usimwamshe hata kwa shangazi wa mume.

Ukimya wenu utaisha ukianza wewe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Mwambie: "Mwanangu, nilimpa mtoto maji bila kukuuliza. Sitampa kitu chochote tena bila ruhusa yako. Wewe ndiye mama yake, nami nimekuja kukulea wewe." Halafu ufanye hivyo kweli, mbele ya macho yake, kila siku. Usimweleze jinsi ulivyovumilia ulipojifungua watano, kwa sasa hawezi kuibeba habari hiyo. Akitaja mama yake, usibadilishe mazungumzo. Muulize alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa naomba umsomee mwanao haya yafuatayo, au umpigie simu akiwa kituoni. Kaka, mke wako anaumwa, na ugonjwa huu hauonekani kwenye kipimajoto. "Yatapita" si jibu. Omba ruhusa kazini siku ambayo watakwenda hospitali, uwepo, uketi naye, umsikie. Siku tatu unazokuwa nyumbani, usiku wa kwanza mpaka saa saba mtoto awe wako. Ukiwa safarini, piga simu saa moja kila jioni, na swali la kwanza liwe la mke wako kabla ya mtoto. Mwambie kwa maneno kwamba ni mama mzuri. Wanaume wengi huamini mke anajua. Huyu hajui.

Kuhusu kazi yake, mtulizeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akirudi kazini ana haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Maziwa ya kukamua atakuwa ameyazoea kwa mazoezi ya sasa. Daktari akiona hajapona, cheti cha ugonjwa kipo.

Mwalimu, yapo mambo ambayo ukiyaona usingoje kliniki. Kwa mama: damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, usaha kidondani, maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa mtoto: kukataa titi, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kupumua mbio au kifua kubonyea, viganja na nyayo kuwa za njano, kitovu chekundu au chenye usaha, kulegea. Usafiri ukiwa taabu, ipo namba 115 ya m-mama, hupigwa bure, kwa dharura za wajawazito, wazazi na vichanga. Iandike ukutani jikoni.

Usirudi Muheza. Kama angekuwa hakutaki, asingekukabidhi mtoto na kukwambia wewe neno lile zito. Kaa mpaka arobaini ipite na tiba iwe imeshika njia, kisha mtaongea naye lini uondoke na nani aje baada yako. Uliza zahanati ya hapo mtaani kama kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeweza kupita nyumbani mara moja moja. Nawe pia lala mchana mtoto anapolala, na dawa zako za presha au sukari, kama unazo, usiziruke kwa kulea.

Mkitoka hospitali niandikie uzito wa mtoto ulivyosoma na daktari alivyosema kuhusu mama yake, tujue hatua inayofuata.